Hawakutuomba Hata Chumvi



Wapendwa Taifa la Mungu, na wewe ndugu msomaji unayeifuata tafakari hii kila juma, uwe karibu nasi au mbali. Injili ya Dominika ya Tatu ya Kwaresima, mwaka A wa Kanisa, hutuketisha kisimani pamoja na Bwana wetu na mwanamke Msamaria. Mara nyingi tumehubiri juu ya waume watano wa yule mama, na juu ya maji ya uzima. Juma hili naomba tutazame jambo dogo lililo mwanzoni kabisa mwa habari ile. Bwana alikuwa mgeni, tena mgeni wa siku mbili tu katika mji ule, na neno lake la kwanza kwa mwenyeji wake lilikuwa ombi. Aliomba maji.

Nina sababu ya kulitazama jambo hilo, nayo ni kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita parokia yetu, hapa kando ya Ziwa, ilipokea kundi la akina mama Wakristo kutoka ng'ambo. Walikaa nasi majuma mawili. Walikuwa watu wema na wacha Mungu, na nauli zao walikuwa wamezichanga kwa mwaka mzima huko kwao. Ratiba niliipanga mimi. Wageni niliwapangia kupaka rangi madarasa ya chekechea, kugawa madaftari, kutembelea wagonjwa, na jioni kula chakula katika nyumba ya mapadre. Akina mama wa WAWATA niliwapangia jikoni. Kwa siku kumi na nne walipika chini ya mwembe, wakachota maji, wakafua mashuka. Dominika ya mwisho walivaa vitenge vyao vya sare, wakaimba, wakatoa zawadi. Picha zilikuwa nzuri sana.

Siku iliyofuata, gari lilipokwisha kuondoka kuelekea uwanja wa ndege, nilimkuta mama mmoja mzee akisugua sufuria kwa majivu. Nilimshukuru, kisha nikamwuliza aliwaonaje wageni wetu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: “Baba, ni watu wazuri. Tumepokea, na tumeshukuru. Ila hawakutuomba hata chumvi.”

Ninyi mliokulia kijijini mnalielewa neno hilo bila kufafanuliwa. Jirani hukuomba chumvi, nawe kesho humwomba kaa la moto. Anayebisha mlangoni pako kuomba chumvi amekiri kwamba wewe ni mtu mwenye kitu, na kwamba kesho nawe unaweza kubisha kwake. Asiyekuomba kamwe, hata akikujaza zawadi, amekuacha ulipokuwa. Akina mama wale walikaa majuma mawili na dada zao katika imani, wakapewa vingi, wala hawakuombwa kitu. Na mimi, mchungaji wao, ndiye niliyejenga ukuta: Martha wote nikawaweka jikoni, Maria wote nikawaweka sebuleni, kisha nikashangaa kwamba hawakuongea.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma upya historia ya Kanisa letu la Ziwa, nikitafuta swali moja tu: wanawake waliokuja kutoka mbali na wanawake waliowakuta hapa, walikutana namna gani?

Waliokuwepo kabla ya wageni

Historia yetu, kama wengi tulivyoisoma, huanza na majina ya wanaume. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, na kutoka huku Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakavuka maji hadi Buganda, wakafika Februari 1879. Novemba 1882 walilazimika kuondoka Buganda pamoja na wenzao, wakarudi kusini, na mwaka 1883 ikaanzishwa misioni ya Bukumbi. Hiyo ndiyo mama wa parokia zetu katika Jimbo Kuu la Mwanza. Padre Lourdel alifariki Rubaga mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 36. Watu wa kizazi kile hawakuwa na tarehe ya kurudi.

Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha mapadre hao mwaka 1868 huko Algiers, alianzisha mwaka uliofuata shirika la masista, kwa kuwa aliona kwamba kuna milango ambayo padre hawezi kuingia, na kwamba wanawake wa Afrika wangefikiwa na wanawake wenzao. Masista Weupe waliingia bara la Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na mwaka 1899 wakafika Uganda. Ndivyo tulivyofundishwa seminarini, na ni kweli. Lakini ukweli huo una upande wa pili.

Tuvuke Ziwa kidogo, twende Mityana, Mei 1886. Mfinyanzi mmoja Mkristo, Noe Mawaggali, aliuawa kwa ajili ya imani yake. Leo tunamheshimu miongoni mwa Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Noe alikuwa na dada, jina lake Munaku, ambaye bado alikuwa mkatekumeni. Msichana huyo alijitokeza mbele ya askari, akataka afe pamoja na kaka yake. Hawakumwua, walimchukua mateka. Alikataa kufanywa mke wa aliyemteka, na baadaye wamisionari wakamkomboa. Akabatizwa kwa jina la Maria Matilda, akaamua kuishi bila kuolewa, akimtumikia Mungu na Kanisa mpaka alipofariki mwaka 1934.

Hesabu miaka, ndugu msomaji. Munaku alitoa maisha yake mwaka 1886. Masista wa kwanza kutoka Ulaya walifika Uganda mwaka 1899. Kwa miaka kumi na mitatu nchi ile ilikuwa na bikira aliyejiweka wakfu, ambaye hakuwa amemwona sista hata mmoja wa kumwiga. Mwaka 1910 lilipoanzishwa shirika la Bannabikira, yaani Mabinti wa Maria, chini ya malezi ya Masista Weupe, mbegu haikutoka Algiers peke yake. Nyingine ilikwisha kuota katika udongo wa huku. Wageni walikuja na kanuni, shule na malezi, na wenyeji walikuwa na ushuhuda uliolipiwa damu ya ndugu zao. Shirika likazaliwa pale hivyo viwili vilipokutana.

Hilo ndilo somo la kwanza. Mgeni hakuti shamba tupu. Wala Bwana hakumkuta yule Msamaria akiwa mtupu: alikuwa na kisima cha babu zake, alikuwa na mtungi, alikuwa na hoja zake juu ya mahali pa kusali.

Tena tujiulize, ni nani aliyewafundisha lugha masista hao? Sista aliyetoka Ulaya hakuzaliwa akijua Kiganda, Kisukuma wala Kikerewe. Aliyapata maneno kwa midomo ya wanawake na watoto aliokaa nao, akikosea na kuchekwa. Lavigerie aliagiza ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo. Miaka minne ni mirefu, mwalimu naye hufundishwa.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Walikuja wakati uleule wa wakoloni, na wapo walioidharau desturi yetu kabla ya kuielewa. Lakini kwa umbali wa safari na kwa urefu wa makazi yao walilazimika kuomba: kuomba njia, kuomba chakula, kuomba dawa ya homa, kuomba jina la kitu. Umaskini wao wa ugenini uliwafungulia milango ambayo zawadi zao peke yake zisingeifungua.

Matunda ambayo mgeni hakuyaona

Turudi upande wetu wa Ziwa. Misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, ilianzishwa mwaka 1911. Katika shule ya bweni ya Masista Weupe pale Nyegina alisoma binti mmoja aliyezaliwa Baraki, Tarime, mwaka 1930. Kutoka Nyegina alikwenda kusoma Ukerewe, kisha chuo cha ualimu Sumve, Kwimba. Akarudi Nyegina kuwa mwalimu. Mwaka 1953 aliolewa na mwalimu mwenzake, Julius Nyerere. Huyo ndiye Mama Maria Nyerere.

Fikirini juu ya yule sista, ambaye jina lake halimo katika vitabu vyetu, aliyemshika mkono binti huyo akamfundisha kuandika herufi zake za kwanza. Je, angejua? Asingejua. Alifundisha wasichana darasa zima, wengine wakawa walimu, wengine wakawa masista, wengi wakawa akina mama wa nyumbani waliowafundisha watoto wao ishara ya msalaba. Hakuwa na picha ya kabla na baada ya kupeleka kwao.

Mwaka 1948 walifika Kowak, huko Mara, Masista wa Maryknoll kutoka Marekani. Nao walianza na mambo ya kawaida, tiba na shule. Lakini kazi yao ninayoiheshimu kuliko zote ni kwamba katika miaka ya 1950 walikubali kuwalea mabinti wa huku waliotaka utawa, wakasaidia kulisimamisha shirika la Masista wa Moyo Safi wa Maria Afrika. Maana ya kazi hiyo ni nini? Ni mgeni kumwandaa mwenyeji ili siku moja mwenyeji amwambie: asante dada, sasa tunaweza.

Na tusiwasahau jirani zetu Walutheri. Mwaka 1946 alifika Bukoba mwalimu mmoja kutoka Sweden, Barbro Johansson. Alifundisha wasichana Kashasha, na safari iliyoanza kama ya mmisionari ikaishia kuwa ya mwenyeji: akawa raia wa Tanganyika na Mbunge. Watu walimwita Mama Barbro. Jina “Mama” hapa kwetu hujipi mwenyewe, wala halitolewi siku ya kwanza kwa sababu ya mzigo uliokuja nao. Hupewa na wenyeji, wakikwisha kuona kwamba umekaa.

Safari imefupika

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, safari ya miezi kwa miguu ikawa ya siku. Leo mama anaweza kusali Misa ya Dominika Ulaya au Marekani, na Jumanne akatua Mwanza na kuyaona mawe yetu makubwa yakichomoza majini. Namshukuru Mungu kwa ndege. Bila ndege wasingefika madaktari na wauguzi wengi waliokuja kwa muda kusaidia Bugando tangu hospitali hiyo ilipofunguliwa mwaka 1971.

Lakini safari ilipofupika, kitu kimoja kilipotea. Mgeni wa leo haombi njia, kwa kuwa gari linamngoja. Haombi chakula, kwa kuwa kimelipiwa. Haombi jina la kitu, kwa kuwa yuko mkalimani. Tumemwondolea mahitaji yake yote kwa heshima, na pamoja na mahitaji hayo tumemwondolea njia ya kutufikia.

Tena anakuja mahali ambapo wanawake wamekwisha kujipanga. WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, walianza mwaka 1972, na mwaka 2022 walisherehekea miaka hamsini jijini Dar es Salaam. Tangu Maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1976 na kuweka mkazo juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ni nani anayezibeba jumuiya hizo? Nendeni jumuiya yoyote ya parokia yetu mhesabu vitenge na suruali, mtapata jibu. Ni akina mama wanaojua nani ameugua, nani hana ada ya mtoto, nani ameacha kusali na kwa nini. Wana mfuko wao wa kusaidiana, wana daftari lao, wana katibu anayeandika kila shilingi. Ndio hao niliowapangia kuchota maji ya kuoga.

Jambo hili lingekuwa la zamani kama lingeishia hapo. Lakini mwaka huu, baada ya Pasaka, kundi jingine linakuja. Nimependekeza katika Halmashauri ya Parokia kwamba safari hii wageni wasilale katika nyumba ya mapadre. Walale wawili wawili katika familia, chini ya uangalizi wa jumuiya. Waende jumuiyani siku ya sala, wakae kwenye mkeka, wasikilize Injili, na wasitoe hotuba. Alfajiri waende ufukoni pamoja na akina mama wanaonunua dagaa mitumbwi inaporudi, wasaidie kubeba ndoo na kuanika. Jikoni wapike pamoja, na siku moja wageni wapike chakula cha kwao, ili nasi tuonje na, Mungu atusamehe, tucheke kidogo.

Mjumbe mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alisimama akapinga. Alisema: “Padre, hawa ndio wanaotusaidia. Kigango kinangoja bati. Ukimnusisha dagaa mgeni aliyezoea raha, ukamlaza kwenye kitanda cha kamba, mwakani hatarudi, na bati hazitakuja.” Wengine waliitikia kwa vichwa. Na mimi nawaambia ukweli, si hoja ya kudharau. Mvua za mwaka jana ziliwanyeshea waumini wa kigango kile ndani ya Misa. Anayenyeshewa ana haki ya kuulizia bati.

Niliwajibu kwa methali ambayo sote tumelelewa nayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia kwa kumchoka mgeni, kana kwamba jembe ni adhabu. Nadhani wazee walikuwa na maana ya ndani zaidi. Siku ya kwanza na ya pili yeye ni mgeni, anakaa kitini, anatazamwa. Siku ya tatu akipewa jembe anaingia shambani pamoja na wenye nyumba, anaulizwa kwao hulimaje, anaonyeshwa mstari wa kufuata, anapata malengelenge, anaambiwa pole. Jembe ndilo linalomfanya wa nyumbani. Mgeni asiyepewa jembe tumemnyima kitu, hata tukimchinjia mbuzi. Kundi lile la kwanza halikukosa wema. Mimi ndiye sikuwapa jembe.

Methali nyingine husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona kwetu hakuko katika bati peke yake. Mwenyeji aliyezoea kupokea tu anaweza kuugua ugonjwa usioonekana, akaanza kuamini kwamba kwake hakuna kitu cha kuombwa. Huyo anahitaji kupona, na dawa yake ni mtu anayebisha hodi na kusema: mama, naomba unionyeshe.

Inawezekana bati zikachelewa. Nimewaomba Halmashauri tuanze mchango wetu wenyewe wa kigango kile, jumuiya kwa jumuiya, hata kama utafikia bati kumi. Wageni wakija wakatukuta tumeanza, wataongeza kama ndugu. Tukiwangoja waanze, tutabaki kuwa kituo cha ratiba yao.

Wapendwa, Mama yetu Bikira Maria naye alifanya safari fupi. Alikwenda nchi ya milima kwa Elizabeti, akakaa kama miezi mitatu, akarudi kwake. Hakuenda na mradi. Walikuwa wanawake wawili wenye mimba, mmoja mzee na mmoja kijana, na mwenyeji ndiye aliyetangulia kumtambua mgeni wake na kumbariki. Muda mfupi haukuwazuia. Kipimo kilikuwa kama kila mmoja alikuwa tayari kupokea kutoka kwa mwenzake.

Juma lililopita nilimtembelea yule mama mzee, nikamweleza mpango huu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Kisha akauliza: “Hao wanaokuja, Baba, wanajua kuanika dagaa?” Nikamjibu kwamba hawajui kabisa. Akaweka ungo chini, akacheka. “Basi waje,” akasema. “Nitawaonyesha.”

Tuwaombee wageni wetu walio njiani, na tuwaombee wanawake watakaowafungulia milango, ili wanapoachana kila mmoja awe anajua jina la mwenzake. Nanyi jumuiya ambazo hazijaandikisha familia za kupokea wageni, katibu wa parokia anawangojea mpaka Dominika ijayo.

Nawatakia Kwaresima yenye matunda. Mungu awabariki: Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu